Upotevu wa umeme kwenye mkataba: tuandike tafsiri ipi?

Kifungu chenyewe kilikuwa kifupi: "Mpangaji atalipia umeme alioutumia pamoja na sehemu yake ya upotevu wa mfumo." Basi. Upotevu ni kitu gani, unapimiwa wapi, na hiyo sehemu yake inapatikanaje, hakuna neno. Mkataba ukapigwa mhuri, ukasainiwa, ukalala kabatini. Siku moja mama mmoja mwenye mashine ya barafu kule Pongwe akaja na ankara zake za miezi minne, akazipanga mezani kwangu kama karata, akauliza: "Mwanangu, kama kitu kimepotea, mbona kila mwezi kinapotelea kwangu?"

Mimi kazi yangu ni kuwasomea watu mikataba. Wengi wanaokuja ni wafanyabiashara wadogo wa hapa Tanga: wa fremu za Ngamiani, wa maghala ya njia ya bandarini, wa viwanda vidogo vya Pongwe. Neno "upotevu" nimeliona kwenye mikataba mingi, na mara nyingi limeachwa hivyo hivyo, kana kwamba kila mtu analijua. Ukweli ni kwamba neno hilo lina tafsiri nne zinazotumika kweli, na kila moja inatoa ankara tofauti kwa mwezi ule ule na mita zile zile. Bi Mkubwa wa barafu ndiye alinifanya nikae nizilinganishe kwa kalamu.

Eneo lake lina transfoma moja ya kVA 200 (kVA ni kipimo cha ukubwa wa mzigo inaoweza kubeba), mali ya mwenye eneo. Mita ya TANESCO, shirika la umeme, imefungwa upande wa msongo wa kati, yaani kabla ya transfoma. Ndani kuna wapangaji watatu: yeye na barafu yake inayokwenda soko la samaki la Deep Sea, mwenye kinu cha unga, na karakana ya kuchomelea mageti. Kila mmoja ana mita ndogo aliyofungiwa na mwenye eneo. Namba nimezilainisha kidogo ili hesabu isomeke, lakini umbo lake ni lile lile: mita kuu uniti 20,000, barafu 9,200, kinu 8,528, karakana 672. Jumla ya mita ndogo ni 18,400. Zimebaki uniti 1,600 ambazo mwenye eneo anadaiwa na hakuna mita ndogo inayozikubali. Nitatumia shilingi 157 kwa uniti, bei ya kundi la T3 la msongo wa kati katika viwango vya mwaka 2016 vya EWURA, msimamizi wa huduma za nishati na maji, na nitaacha pembeni gharama ya kVA (malipo ya mzigo wa juu uliovutwa) na kodi, maana zina ugomvi wao.

Tafsiri ya kwanza: tofauti ya mita

Hii ndiyo iliyokuwa ikitumika kwake bila kuandikwa. Chukua mita kuu, toa jumla ya mita ndogo, kinachobaki ni upotevu, kigawanywe kwa uwiano. Mama ana nusu ya matumizi, kwa hiyo anabeba nusu ya 1,600. Analipia uniti 10,000: shilingi 1,570,000.

Uzuri wake ni wepesi. Haihitaji fundi wala fomula, na mwenye eneo habaki na deni hata senti moja. Hapo ndipo ubaya ulipo pia. Mtu pekee mwenye ufunguo wa chumba cha mita, mwenye uwezo wa kubadilisha waya uliochoka au kumfukuza kishoka (fundi wa umeme asiye rasmi), ndiye ambaye haumwi na uniti hata moja inayopotea. Kwa nini ahangaike? Taa za uzio zikiwaka mchana kutwa, wanalipa wapangaji. Jirani akichepusha mita yake, wanalipa majirani.

Tafsiri ya pili: asilimia iliyokubaliwa

Mkataba unataja namba moja, tuseme asilimia 5, na hiyo ndiyo upotevu hata iweje. Mama anajumlisha asilimia 5 juu ya 9,200, anapata 9,660, analipa shilingi 1,516,620. Wapangaji wote kwa pamoja wanalipia 19,320. Zile 680 zinazobaki, zenye thamani ya shilingi 106,760, zinabaki kwa mwenye eneo.

Hapa kuna mtego ambao nimewaona hata wahasibu wakiuingia: asilimia 5 ya nini? Ukisema ya mita ndogo, unazidisha kwa 1.05. Ukisema ya mita kuu, unagawanya kwa 0.95, na mama anafika uniti 9,684. Kwa asilimia 5 tofauti ni nauli ya bodaboda. Ngoja asilimia ikue: kwa 20, njia ya kwanza inakupa 120 kwa kila mia uliyopokea na ya pili inakupa 125. Mikataba miwili yenye maneno "asilimia ishirini" inaweza kutofautiana kwa uniti tano katika kila mia, na pande zote mbili zikaapa kwamba zimefuata maandishi.

Tafsiri ya tatu: hesabu ya kiufundi

Hapa upotevu ni ule tu ambao maumbile ya vifaa yanaulazimisha. Transfoma inakula umeme hata kama hakuna anayeutumia, kwa sababu chuma chake kinapaswa kubaki na sumaku saa ishirini na nne. Kwa transfoma ya ukubwa huu tukadirie nusu kilowati. Kwa saa 720 za mwezi ni uniti 360. Hizo ni za kudumu. Juu yake kuna joto la nyaya, za ndani ya transfoma na za kutoka transfoma hadi kwa mpangaji. Joto hilo hupanda kwa mraba wa mkondo: ukiongeza mkondo mara mbili, unapoteza mara nne. Fundi aliyekadiria pale alipata kama uniti 100 kwenye nyaya za transfoma na 300 kwenye kebo, ambazo ni ndefu kuliko ilivyopaswa. Jumla 760. Mama anabeba nusu, analipia 9,580: shilingi 1,504,060.

Zile 840 zilizosalia kati ya 1,600? Kwa tafsiri hii si upotevu. Ni swali, na anayepaswa kulijibu ni mwenye eneo.

Tafsiri ya nne: tofauti ya mita yenye kikomo

Unaanza kama ile ya kwanza, halafu unaweka dari. Wapangaji watalipa tofauti halisi, lakini isizidi, tuseme, asilimia 6 ya mita kuu. Asilimia 6 ya 20,000 ni 1,200, mama anachukua 600, analipia 9,800: shilingi 1,538,600. Uniti 400 za juu ya dari, shilingi 62,800, ni za mwenye eneo.

Nikiziweka ubavu kwa ubavu, mwezi ni ule ule, mama ni yule yule:

| Tafsiri | Uniti anazolipia | Shilingi | Zinazobaki kwa mwenye eneo |
|---|---|---|---|
| Tofauti ya mita | 10,000 | 1,570,000 | 0 |
| Tofauti yenye kikomo cha 6% | 9,800 | 1,538,600 | uniti 400 |
| Asilimia 5 ya mita ndogo | 9,660 | 1,516,620 | uniti 680 |
| Hesabu ya kiufundi | 9,580 | 1,504,060 | uniti 840 |

Kati ya mstari wa juu na wa chini kuna shilingi 65,940 kwa mwezi. Kwa mwaka ni 791,280. Si fedha ya kununua nyumba Raskazone, lakini ni fedha.

Mama alipoiona jedwali alitaka mstari wa chini papo hapo. Nikamwomba asubiri, kwa sababu mwezi ule ulikuwa wa neema.

Mwezi wa mbalamwezi

Biashara ya barafu inafuata bahari. Kusi ikivuma vyombo vingi vinabaki vimefungwa. Hata kwenye kaskazi, wavuvi wa dagaa hutoka usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka wanapumzika, na barafu inayeyukia juani. Sasa chukua mwezi mfu ambao mita kuu inasoma 6,000 tu. Chuma cha transfoma hakijali. Kinakula zile zile 360, ambazo pekee yake ni asilimia 6 ya kila kilichoingia. Joto la nyaya limeshuka sana kwa sababu ya ule mraba, tuseme limebaki uniti 60. Upotevu halisi ni 420, sawa na asilimia 7.

Angalia kinachotokea kwenye mkataba wa asilimia 5. Mwezi mfu, mita ndogo zinasoma 5,580, wapangaji wanalipia nyongeza ya 279, mwenye eneo anaumia uniti 141 ambazo hakuzifuja. Mwezi wa shughuli, kama eneo lingekuwa safi na upotevu ni 760 tu, mita ndogo zingesoma 19,240, nyongeza ingekuwa 962, na mwenye eneo angepata uniti 202 za bure. Namba moja isiyobadilika inamwonea huyu mwezi huu na yule mwezi ujao. Kwa kiwanda kinachokwenda mwendo mmoja mwaka mzima, asilimia inafaa na inaokoa kelele. Kwa biashara ya msimu, asilimia ni kamari.

Dari la asilimia nalo lina kasoro hiyo hiyo. Asilimia 6 ya 6,000 ni 360: dari limegusa sakafu. Mwenye eneo akielewa hesabu hii hatasaini, na akisaini bila kuelewa atakuja kuvunja mkataba kwa hasira.

Ndiyo maana kwa maeneo yenye transfoma ya pamoja ninapenda dari lenye vipande viwili: uniti kadhaa za kudumu, ambazo ni za chuma, jumlisha asilimia ndogo ya mita kuu, ambayo ni ya nyaya. Kwa eneo lile ni 360 jumlisha asilimia 2. Mwezi wa 20,000 inatoa 760, mwezi wa 6,000 inatoa 480. Si sahihi kama fomula ya mraba, lakini mtu aliyemaliza darasa la saba anaihakiki kwa simu yake, na kwangu hilo lina uzito kuliko usahihi wa nukta mbili. Mkataba ambao unahitaji mhandisi kila tarehe mosi hautafuatwa na mtu.

Zilikokuwa zile uniti 840

Hapa ndipo nilipojifunza zaidi, na ndipo ninapowaomba wasomaji wakae kidogo.

Tulizunguka eneo na fundi mwenye leseni, mimi nikishika daftari. Nyuma ya karakana kuna kisima chenye pampu ya kilowati moja na nusu, inafanya kazi kama saa nane kwa siku: uniti 360 kwa mwezi. Kwenye uzio kuna taa nne za wati 100, zinawaka saa kumi na mbili: uniti 144. Pampu na taa havikuwa na mita ndogo. Jumla 504. Hizo hazikupotea hata kidogo. Zilitumika, zikavuta maji na kumulika mlinzi. Kwenye ankara za wapangaji zilikuwa zinaitwa upotevu kwa sababu tu hakuna aliyezipimia.

Zilibaki 336. Fundi alifungua mita ya karakana akakuta fezi moja kati ya tatu haihesabiwi; waya wa kipimo uliungua kwenye kishikizo, mita inazunguka kwa fezi mbili. Mzigo ukiwa umegawanyika sawa, mita ya namna hiyo inasoma theluthi mbili ya ukweli. Ilisoma 672, kumbe zilitumika kama 1,008. Mwenye karakana hakuwa mwizi, sina sababu ya kumdhania hivyo, ila kwa miezi isiyojulikana mageti yake yalichomelewa kwa umeme wa jirani.

Kwa hiyo kabla hujachagua tafsiri, toa kwanza visivyo upotevu. Matumizi ya pamoja yafungiwe mita yake. Mita ndogo zikaguliwe na mtu ambaye si wa upande wowote. Wakala wa Vipimo ndio wenye dhamana ya vipimo vya biashara, na mita yenye alama ya uhakiki inamaliza mabishano mengi. Na usisahau kwamba hata mita nzima ina ruhusa yake ya kukosea. Mita za daraja la 1 zinaruhusiwa kwenda juu au chini kwa asilimia moja. Mita kuu ikizidisha moja na ndogo zikipunguza moja, una asilimia 2 za "upotevu" ambao hauko duniani.

Halafu kuna tarehe. Kwenye zile ankara mita kuu ilikuwa inasomwa tarehe 28 na ndogo tarehe mosi. Kwa eneo linalokula wastani wa uniti 667 kwa siku, siku tatu ni uniti 2,000, kubwa kuliko upotevu wenyewe. Miezi ikifanana, kosa linajifuta. Mwezi wa shughuli ukifuatiwa na mwezi mfu, linafumuka, na kila mmoja anamtazama mwenzake kwa jicho la pembeni. Andika kwenye mkataba: mita zote zisomwe siku moja, saa moja, watu wawili wakiwepo, picha zipigwe.

Nchi zimechagua nini

Mzozo huu si wa Pongwe peke yake. Ufilipino, ambako upotevu wa mfumo una mstari wake kwenye ankara ya kila mteja, ilichagua dari. Sheria namba 7832 ya mwaka 1994 iliweka viwango vinavyoshuka hadi asilimia 9.5 kwa makampuni binafsi na 14 kwa vyama vya ushirika vya umeme; kinachozidi hapo kampuni inakibeba. Baadaye msimamizi wa sekta akashusha tena kwa makampuni binafsi, asilimia 6.5 mwaka 2018, hadi 5.5 mwaka 2021. Dari linaloshuka kwa ratiba ni wazo zuri la kuazima hata kwa mkataba wa fremu tatu: mwaka wa kwanza mpe mwenye eneo nafasi ya kurekebisha kebo, mwaka wa pili punguza.

Uganda iliikodisha biashara ya usambazaji kwa kampuni iitwayo Umeme kwa miaka 20 kuanzia 2005, wakati upotevu ukiwa karibu asilimia 38, na mapato ya kampuni yakafungamanishwa na malengo ya kupunguza upotevu. Mkataba ulikwisha Machi 2025, upotevu ukiwa umeshuka chini ya nusu ya ule wa mwanzo. Unaweza kuubishania mkataba ule kwa mengi, na Waganda wameubishania, lakini kipande cha upotevu kilimgusa yule mwenye ngazi na koleo.

India wameongeza kitu kingine. Kipimo chao kikuu kinachanganya umeme usioandikiwa ankara na ankara zisizolipwa. Ukiandikia ankara asilimia 90 ya umeme ulionunua, na ukakusanya asilimia 90 ya ankara, kwao upotevu si 10 bali 19, maana 0.9 mara 0.9 ni 0.81. Kwa serikali inayotaka kujua afya ya shirika, ni kipimo cha maana. Kwenye mkataba wa wapangaji ni sumu: mwenzako asipolipa, deni lake linageuka kuwa upotevu wako. Ukiona neno "makusanyo" karibu na neno "upotevu" kwenye mkataba wa eneo la pamoja, weka kalamu chini.

Na maji je?

Niliulizwa hili na wajumbe wa chombo cha maji cha kijiji kimoja upande wa Muheza, waliokuwa wakiangalia mkataba wa kununua maji kwa jumla. Ukilinganisha na umeme, mambo mawili yanabadilika.

La kwanza ni maneno. Wenye maji husema "maji yasiyolipiwa", na ndani yake wanaweka yaliyovuja, yaliyoibwa, yaliyosomwa vibaya na mita, na hata yaliyotolewa kihalali bila malipo, kama ya gari la zimamoto. EWURA inapima mamlaka za maji kwa kigezo cha asilimia 20. Kigezo hicho ni cha kupimia mamlaka nzima. Kukinyofoa na kukibandika kwenye mkataba wa bomba moja la kilomita tatu ni kumpa muuzaji zawadi.

La pili ni mwenendo wa uvujaji. Bomba lililotoboka linavuja usiku kucha wakati watu wamelala, na usiku linavuja zaidi kwa sababu presha imepanda. Kwa maana hiyo tundu la bomba ni ndugu wa chuma cha transfoma: halijali umetumia kiasi gani. Asilimia inalificha. Na kuna hila nyingine: ukiweka mgao, bomba likawa tupu nusu ya siku, uvujaji unashuka bila mtu kushika spana, na kwenye taarifa unaonekana fundi hodari. Kwa hiyo kwa maji ya jumla sipendekezi asilimia kabisa. Fungeni mita pale bomba linapovuka mpaka wa kijiji. Kila kinachopotea kabla ya mita ni cha muuzaji, kila kinachopotea baada yake ni cha kijiji. Wajumbe walilalamika bei ya mita. Niliwaambia waulize bei ya kuishi miaka kumi bila mita.

Kanuni hiyo ya mpaka inafanya kazi pia kwa mwenye mtambo mdogo anayeuza umeme kwenye gridi, na mkoa wetu una sababu ya kulifikiria hilo: maji ya Pangani yana mitambo yenye uwezo wa megawati 21 pale Hale na 68 pale New Pangani Falls, na wapo wanaotazama vijito vya Usambara na mabaki ya mkonge kwa jicho la biashara. Swali lao ni mita iwe wapi, getini kwa mtambo au kwenye kituo cha gridi kilomita kadhaa mbele. Mita ikiwa mbele, upotevu wa laini yote ni wa mzalishaji. Akikubali hivyo, basi na achague yeye unene wa waya, maana ndiye atakayelipia joto lake.

Nani achukue ipi

Kama wewe ni mpangaji mmoja tu kwenye transfoma nzima, usihangaike na tafsiri yoyote: omba mita ya TANESCO kwa jina lako. Kama mpo wengi kwenye fremu za mjini, mnachukua umeme wa msongo mdogo na kebo ni fupi, asilimia ndogo inatosha, mbili au tatu, ikitajwa wazi kuwa ni ya mita ndogo. Mwenye jengo asikuletee hadithi ya transfoma isiyokuwa yake. Ile iliyoko nguzoni ni ya shirika, na upotevu wake umeshaingia kwenye bei. Tofauti ya mita tupu, bila dari, ningeikubali kwa ndugu wawili wanaokula sahani moja, na hata hao ningewauliza mara mbili. Hesabu kamili ya kiufundi waachieni wenye viwanda vikubwa na wahandisi wa kuajiriwa.

Kwa eneo la Pongwe tuliandika hivi: "Upotevu ni tofauti kati ya uniti za mita kuu na jumla ya uniti za mita ndogo zote, ikiwemo mita ya matumizi ya pamoja, zilizosomwa siku moja. Wapangaji watabeba upotevu huo hadi uniti 360 kwa mwezi jumlisha asilimia 2 ya uniti za mita kuu. Unaozidi hapo ni wa mwenye eneo. Ankara isiyolipwa na mpangaji mmoja si upotevu."

Mwenye eneo alisoma, akakuna kichwa, akakubali, kwa sharti kwamba mita ya pampu na taa zigharamiwe nusu kwa nusu. Mwenye kinu ndiye aliyeleta la mwisho. "Shangazi," akamwambia mama wa barafu, "hizi 360 za chuma tusizigawe kwa matumizi. Transfoma ya 200 ilinunuliwa kwa ajili ya mashine yako. Mimi ya 100 ingenitosha. Mbalamwezi ikiwaka wewe umelala, chuma chako ninakilisha mimi." Mama akanyamaza, kisha akacheka, akasema kijana ana hoja. Tukabishana mpaka adhana ya alasiri. Wakapatana kwamba zile 360 zigawanywe kwa tatu, 120 kwa kila mmoja bila kuangalia mita, na ile asilimia 2 iende kwa uwiano. Wawili wamesaini. Mwenye karakana, ambaye siku ya kikao hakuonekana, anasema anaisoma bado.